Namna ya Kuongoza Mjadala wa Jamii kuhusu Utoaji Mimba na Sheria Yake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa, au aliyejitwika mwenyewe, kazi ya kuongoza mazungumzo ya watu wazima kuhusu utoaji mimba hapa Dodoma: msaidizi wa kisheria wa kata, afisa maendeleo ya jamii, mwalimu wa chuo, katibu wa kikundi cha VICOBA, kiongozi wa akina mama wa kanisani au msikitini. Mazungumzo haya yapo tayari, tukiyaongoza au tusipoyaongoza. Yako kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye vibaraza vya Chang'ombe na Nkuhungu, kwenye foleni ya kliniki, na husikika zaidi pale msichana fulani wa mtaani anapolazwa ghafla na watu wakaanza kunong'ona. Karibu kila mara huanza kwa hukumu na kuisha kwa hukumu, na katikati hapatikani hata mmoja aliyesema sheria yenyewe inasema nini. Naamini watu wanaweza kutofautiana kabisa katika jambo hili na bado wakatoka ukumbini wakiijua sheria ileile. Naamini pia kwamba hakuna mwanamke anayepaswa kufa kwa kuvuja damu kwa sababu jirani zake, au yeye mwenyewe, walidhani kwenda hospitali ni kujipeleka polisi.

Tenganisha maswali matatu kabla hujamwalika mtu yeyote

Mijadala mingi huvunjika kwa kuwa watu watatu wanajibu maswali matatu tofauti huku kila mmoja akidhani anamjibu mwenzake. Swali la kwanza ni sheria ya Tanzania inasema nini leo. La pili ni dini yangu, mila yangu na dhamiri yangu vinanifundisha nini. La tatu ni sheria ingepaswa kusema nini. Yaandike ubaoni, au kwenye karatasi kubwa ukutani, na kila mchangiaji anaposimama muulize kwa upole anajibu lipi.

Jambo hili dogo hubadilisha sauti ya ukumbi mzima, kwa sababu majibu ya maswali hayo hayafuatani kama watu wanavyodhani. Yuko anayeamini kwamba kutoa mimba ni dhambi kubwa na bado haoni faida ya kumfunga mwanamke gerezani. Yuko asiyeona dhambi katika kila hali lakini anaogopa kwamba sheria ikilegezwa, wasichana watashinikizwa na wanaume waliowapa mimba. Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyofikiri, na mjadala wa kupiga kelele huwanyamazisha kwa kuwalazimisha wachague upande. Kazi yako kubwa kama mwezeshaji ni kuwapa nafasi ya kusema walichonacho kwa ukamilifu wake.

Isome sheria wewe mwenyewe, kifungu kwa kifungu

Usiende ukumbini na sheria uliyosimuliwa. Tafuta Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, ambayo ina mizizi katika sheria iliyotungwa enzi za utawala wa Waingereza. Sheria na hukumu nyingi zinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya TanzLII. Nataja hapa namba za vifungu zilizozoeleka katika Toleo la Urekebu la 2022 na matoleo yaliyotangulia; kwa kuwa sheria zetu zimefanyiwa urekebu mwingine baada ya hapo, linganisha na toleo lililo mkononi mwako kabla hujazitamka mbele za watu. Kumbuka pia kwamba Kanuni hii ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Vifungu vya kushika ni vitano. Kifungu cha 150 kinamhusu mtu mwingine, awe mganga, muuguzi, mkunga au rafiki, ambaye kwa nia ya kuharibu mimba ya mwanamke anampa kitu au kutumia nguvu au njia yoyote isivyo halali. Adhabu yake inafikia kifungo cha miaka 14, na kosa linakamilika hata kama baadaye itaonekana kwamba mwanamke huyo hakuwa na mimba. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe anayefanya hivyo kwa mimba yake, na adhabu inafikia miaka 7. Kifungu cha 152 kinamgusa anayetoa au kutafuta dawa au kifaa huku akijua kitatumika isivyo halali kuharibu mimba, na adhabu inafikia miaka 3. Wenye maduka ya dawa wanapaswa kukisikia kifungu hiki. Kifungu cha 219 kinahusu kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa akiwa hai, na mimba ya wiki 28 au zaidi huchukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba mtoto alikuwa amefikia hatua hiyo. Adhabu yake inafikia kifungo cha maisha, isipokuwa pale tendo lilipofanywa kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mama.

Kifungu cha tano ndicho ambacho watu wengi ukumbini hawajawahi kukisikia, nacho ni cha 230. Kinasema kwa ufupi kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa kufanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa, au kwa mtoto ambaye hajazaliwa ili kuokoa maisha ya mama, iwapo kufanya hivyo ni jambo la busara kwa kuzingatia hali ya mgonjwa na mazingira yote. Kwa hiyo anayesimama na kusema kwamba sheria yetu inakataza utoaji mimba katika hali zote anakosea, na anayesema kwamba inaruhusu kwa yeyote anayetaka anakosea vilevile. Kifungu hicho hakitaji idadi ya madaktari wanaopaswa kuidhinisha, ingawa utasikia watu wakisema kwa uhakika kwamba ni wawili au watatu. Ukisikia hivyo, soma maneno ya kifungu kwa sauti kisha endelea.

Hapa sheria inaanza kuwa na kina, na nakushauri usipite haraka. Neno "isivyo halali" lililomo katika vifungu vya 150 hadi 152 linaonyesha kwamba upo utoaji mimba ulio halali, lakini vifungu hivyo havielezi mpaka wake uko wapi. Mawakili hurejea kesi ya Uingereza ya mwaka 1938, ambapo daktari Aleck Bourne wa London alishitakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kulinda maisha ya mama hakuwezi kutenganishwa kabisa na kulinda afya yake ya mwili na akili, na Bourne akaachiwa huru. Mwaka 1959, katika kesi ya Mehar Singh Bansel, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifuata njia hiyo na kueleza kwamba upasuaji haramu ni ule unaokusudia kukatisha mimba kwa sababu isiyo sababu njema ya kitabibu. Hoja hizo zina uzito, lakini Bunge letu halijaziandika kwa maneno ya wazi katika Kanuni ya Adhabu. Daktari aliye zamu usiku katika hospitali ya wilaya hana kesi ya mwaka 1959 mezani. Ana kifungu na ana hofu yake. Waeleze washiriki ukweli huo, kwa maana pengo hilo kati ya maandishi na tafsiri ndilo kiini cha mjadala wa kisheria Tanzania.

Kuna tabaka jingine. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa nchi za Afrika kuhusu haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara ya 14 ya itifaki hiyo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003, inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale mimba inapotokana na kubakwa, kushambuliwa kingono au kujamiiana kwa maharimu, na pale inapohatarisha afya ya mwili au akili ya mama, au maisha ya mama au ya mtoto aliye tumboni. Mshiriki mmoja atauliza: kama tuliridhia, mbona haitumiki? Jibu ni kwamba kwa utaratibu wetu mkataba unaoridhiwa na Bunge chini ya Ibara ya 63 ya Katiba unaibana nchi mbele ya mataifa mengine, lakini hauwi sheria ya kumtetea mtu mahakamani moja kwa moja hadi itungwe sheria ya ndani ya kuutekeleza, na Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa ili kulingana nao. Hadi leo haina kifungu kinachotaja ubakaji kuwa sababu ya kuruhusu utoaji mimba.

Atakayeleta Katiba naye asomewe Katiba. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Haisemi uhai wa mtu unaanza lini, na ndiyo sababu pande zote mbili huishika.

Weka takwimu mahali pake

Takwimu moja itatajwa bila shaka, nayo ni ya utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani. Ulikadiria kwamba mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini mwaka huo, sawa na 36 kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa miaka 15 hadi 49, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walipata huduma katika vituo vya afya kwa madhara yaliyofuata. Sema wazi kwamba ni makadirio. Jambo lililo kosa la jinai haliandikwi kwenye daftari lolote, hivyo watafiti walihesabu wanawake waliofika vituoni na kuwauliza wataalamu wangapi huenda hawafiki, kisha wakakokotoa. Mwaka wake nao umekwisha kuwa wa zamani. Mtu asichukue namba hiyo akaigawa kwa idadi ya mikoa na kutangaza idadi ya Dodoma.

Takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 zinasaidia pia. Zilionyesha vifo 104 vya wajawazito kwa kila vizazi hai 100,000, ambapo utafiti kama huo wa 2015/16 ulikuwa umekadiria 556. Zilionyesha pia kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27. Hizi hazihusu utoaji mimba moja kwa moja, na usimruhusu yeyote azitumie kana kwamba zinahusu. Zinaonyesha mahali swali linapoanzia: msichana ambaye hakutarajia mimba.

Chagua mahali, saa na lugha kwa ajili ya wale wasiosikika

Mtaarifu mtendaji wa mtaa au wa kijiji mapema na kwa maandishi, ukieleza kwamba ni mazungumzo ya elimu ya sheria, ili siku yenyewe isiharibiwe na uvumi. Epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa, epuka asubuhi za msimu wa kilimo, kwa sababu kuanzia mvua za Desemba hadi mavuno ya mtama na uwele wanawake wako shambani na utabaki na wazee wa kiume peke yao. Mjini, kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ni kizuri kwa sababu watu wanafuatilia mijadala na wanaona sheria zinatungwa jirani nao.

Kiswahili cha vifungu ni kizito. Kule Mvumi au Handali mzee atakuelewa, lakini atafikiri kwa Kigogo. Kondoa atafikiri kwa Kirangi. Mtafute mtu wa hapohapo wa kufafanua, na ukutane naye kabla ili mkubaliane namna ya kusema mambo haya bila matusi na bila kuyaficha. Bibi mmoja aliyekuwa mkunga wa jadi kwa miaka mingi ana ujuzi wa kuliheshimisha jambo hili mbele ya wanawake wenzake kuliko wewe na mimi.

Anza kwa kuwagawa: wanawake wakae peke yao kwa muda na mwezeshaji mwanamke, vijana peke yao, wazee peke yao, kisha wote wakutane. Ukiwaweka pamoja tangu mwanzo, mkwe atakuwa amekaa mbele ya mkwewe na hatafungua kinywa. Nimeona vikao ambavyo wanaume watano walizungumza kwa saa nzima juu ya miili ya wanawake arobaini waliokaa kimya, na baadaye mwenyekiti akaandika kwamba jamii imekubaliana. Jamii haikuwa imekubaliana na lolote.

Waalike viongozi wa dini wafundishe, na uwaombe wafundishe kwa ukamilifu

Mkoa huu una historia ndefu ya Kanisa Anglikana tangu wamisionari walipofika Mpwapwa katika karne ya 19, una Jimbo Kuu Katoliki la Dodoma, na una Waislamu wengi mjini na hasa Kondoa. Huwezi kuongoza mjadala huu na kuwaacha viongozi wao nje. Waeleze tu kwamba nafasi yao ni katika swali la pili, na kwamba swali la kwanza litajibiwa kwa maandishi ya sheria.

Waombe waeleze mafundisho yao yote, pamoja na sehemu zisizosemwa mara nyingi. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai unalindwa tangu kutungwa mimba na halikubali utoaji mimba wa makusudi, lakini linakubali matibabu yanayolenga kumponya mama hata kama mtoto atapotea bila kukusudiwa, kama vile kuondoa kizazi chenye saratani. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu, jambo ambalo mama aliyekaa miaka mingi akidhani amefungiwa mlango anastahili kulisikia. Katika fikihi ya Kiislamu, wanazuoni wametofautiana kuhusu muda ulio kabla ya siku 120, yaani kabla ya roho kupulizwa. Baada ya hapo wengi hawaruhusu isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Sheikh akieleza tofauti hizo, na paroko akaeleza huruma iliyomo katika mafundisho yake, watu husikiliza kwa namna nyingine.

Uliza kwa mifano ya hali halisi, na kura ziwe za siri

Ukiuliza ukumbi mzima, "Je, mnakubali utoaji mimba?", mikono itakayonyooshwa itakuambia nani anamwogopa nani. Maoni ya watu kuhusu jambo hili hubadilika sana kutegemea mazingira unayowaeleza, na mtu yuleyule anayekataa kwa jumla anaweza kukubali katika hali mahususi bila kujipinga. Kwa hiyo andaa mifano michache, isiyofanana na kisa chochote kinachojulikana pale mtaani, na uisome polepole.

Anza na mama mwenye watoto wanne ambaye mimba imetunga nje ya kizazi na mrija unakaribia kupasuka. Karibu kila mtu atasema atibiwe, na hapo utaeleza kwamba kifungu cha 230 kiliwekwa kwa ajili ya hali ya namna hiyo. Endelea na msichana wa miaka 14, yuko Kidato cha Kwanza, amebakwa na ndugu wa nyumbani. Hapa ukumbi utanyamaza, nawe usiujaze ukimya huo haraka. Kisha eleza kwamba Kanuni ya Adhabu haitaji ubakaji, kwamba kesi ya Bourne ilihusu msichana wa umri huohuo, kwamba Itifaki ya Maputo inataja hali hiyo waziwazi, na kwamba hadi sasa mahali msichana huyo anaposimama katika sheria yetu hapajaandikwa wazi. Mfano wa tatu uwe wa mjamzito aliyeambiwa baada ya kipimo kwamba mtoto hana fuvu na hataishi baada ya kuzaliwa. Mwisho, mwanafunzi wa chuo ambaye aliyempa mimba amezima simu na wazazi wake wanamsomesha kwa kuuza zabibu na karanga. Katika mfano huu sheria ya leo haina utata: akitoa mimba anaangukia kifungu cha 151. Waulize kama hilo ndilo wanalolitaka, na kama wanalitaka, waulize pia aliyezima simu anaangukia kifungu gani.

Usiache mfano wa mwanafunzi bila kueleza kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi wa shule walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni. Bado kuna wazazi vijijini wasiojua hilo, na hofu ya kufukuzwa shule imewasukuma wasichana wengi kwenye mizizi na vyuma.

Kwa kila mfano, mpe kila mshiriki punje moja ya mahindi na moja ya harage, na upitishe chungu chenye mdomo mwembamba ili adumbukize moja: mahindi maana yake sheria iruhusu, harage maana yake ikataze, na asiye na uamuzi asidumbukize yoyote. Hesabu mbele yao. Asiyejua kusoma atapiga kura yake kama profesa, na mama mkwe hataona chochote. Matokeo yake ni maoni ya watu waliokuwamo ukumbini siku hiyo, na usiyaandike kuwa maoni ya Wagogo, ya wanawake, wala ya Watanzania.

Jiandae kwa nyakati ngumu

Mtu ataleta simu yenye video kutoka Marekani. Mweleze kwa heshima kwamba hukumu ya mwaka 1973 iliyojulikana kama Roe v. Wade, na ile ya Juni 2022 iliyoifuta, ni za mahakama ya nchi nyingine na hazibadilishi hata nukta katika sheria yetu. Akitaka kulinganisha, alinganishe na majirani: Zambia ina sheria mahususi ya kukatisha ujauzito tangu 1972, Msumbiji ilibadilisha sheria yake mwaka 2014 na kuruhusu katika wiki 12 za mwanzo, na Kenya iliandika katika Katiba ya 2010, Ibara ya 26, kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine inaporuhusu.

Mtu mwingine ataanza kumtaja fulani wa mtaa wa pili. Mkatize mara moja, katikati ya sentensi, na usione haya kufanya hivyo. Tangaza kanuni hiyo tangu mwanzo: hatutaji mtu, haturekodi, hatupigi picha. Usimwombe mtu yeyote atoe ushuhuda wa yaliyompata, hata kama shirika lililokufadhili linapenda shuhuda, kwa sababu ushuhuda wa kosa la jinai mbele ya watu hamsini unaweza kumfikisha mtoaji wake mahakamani. Vilevile ukumbi huu usigeuzwe soko: mtu akianza kutaja dawa fulani na duka zinakouzwa, zuia. Dawa za mkononi zisizojulikana kipimo wala zilikotoka ndizo zinazowafikisha wanawake hospitali wakiwa wamechelewa, na anayezigawa anaangukia kifungu cha 152.

Yasemwe na mhudumu wa afya kabla watu hawajatawanyika

Tenga muda wa sehemu hii hata kama mjadala umechelewa. Ningekubali kupoteza mfano mzima kuliko kuikosa. Mwalike muuguzi mkunga au tabibu wa kituo cha karibu aseme kwa kinywa chake kwamba kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika, kwa sababu yoyote ile, ni huduma halali iliyomo katika miongozo ya Wizara ya Afya. Kazi ya mhudumu ni kuzuia damu, kusafisha kizazi, kutibu maambukizi na kumshauri mama kuhusu uzazi wa mpango.

Ataje dalili za hatari zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali wakati uleule: damu inayolowanisha pedi mbili au zaidi kwa saa moja, saa mbili mfululizo; homa na baridi; uchafu wenye harufu mbaya; maumivu makali ya tumbo; kizunguzungu au kuzimia. Familia ya kijijini ianze kutafuta usafiri bila kungoja asubuhi, na wasimpitishe kwanza kwa mganga.

Kuhusu aliyebakwa, asisitize saa 72. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi vinapomezwa mapema. Msichana anayefika siku hiyohiyo anaweza asifike kabisa kwenye swali tulilokuwa tukilijadili mchana kutwa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya kesi hizi, na kwa watoto kuna simu ya bure 116.

Baada ya kikao, kaa nusu saa zaidi mahali panapoonekana lakini pasiposikika. Atakuja mtu. Msikilize, usimhoji, usimhukumu, na usimwahidi usichoweza. Mpeleke kwa muuguzi au kwa msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hatozi ada.

Andika, kisha upeleke panapohusika

Taarifa yako iwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria kwa jinsi na rika, mifano iliyosomwa kama ilivyosomwa, matokeo ya kura kwa kila mfano, na hoja kuu za kila upande kwa maneno ambayo upande huo ungeyakubali kuwa yake. Jina la mshiriki lisiwemo. Orodha ya mahudhurio ya kudai posho itunzwe kando na isiambatanishwe na taarifa hii.

Nakala moja ibaki kwa mtendaji. Ya pili ipelekwe kwa mbunge wa jimbo, na ya tatu kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake ni kupitia sheria na kupendekeza mabadiliko. Muswada wowote unaogusa vifungu hivi ukiwasilishwa bungeni, kamati husika hukaribisha maoni ya wadau, na sisi tulio Dodoma tuna nafasi ya kufika wenyewe kwa nauli ya daladala. Anayeona kwamba kifungu kinakiuka haki za msingi anaweza pia kufungua shauri Mahakama Kuu chini ya Ibara ya 30 ya Katiba, lakini marekebisho ya mwaka 2020 yaliweka sharti la kuonyesha kwa kiapo namna yeye binafsi alivyoathirika, kwa hiyo amwone wakili kwanza ajue sheria ilivyo leo. Maoni yanayotaka sheria ibaki ilivyo yapelekwe kwa uzito uleule na katika bahasha ileile.